Msumeno wa Bwana na Bibi

Je, umewahi kuvuta msumeno wa watu wawili, na huyo wa pili ameuegemea tu, kajibweteka kama gunia, huku moyoni anaamini yeye ndiye anayekuvuta wewe? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako. Kama umewahi, basi Verna Dobney ni dada yako, na habari zake utazielewa kabla sijafika katikati.

Verna alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ambayo nguo za dukani hazikuikubali. Kila blauzi mpya ilimbidi aifumue kwapani na kuongeza kipande cha kitambaa. Yeye na mumewe Clarrie walifanya kazi ya kukata na kupogoa miti, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Tasmania, mahali ambapo mkaratusi usipoangukia paa lako mwaka huu, utaliangukia mwakani. Ubavuni mwa lori lao paliandikwa DOBNEY NA WANAWE. Wana wenyewe hawakuwapo. Walijaliwa mabinti wawili, mmoja daktari wa meno, wa pili kaolewa Melbourne na mtu anayeogopa hata kisu cha mkate. Lakini Clarrie alisema neno "wanawe" huwapa wateja imani, na tena rangi ilikuwa imekwisha nunuliwa.

Kazini waligawana hivi. Tamsin Brill, msichana waliyemwajiri, alipanda juu ya mti kwa kamba, msumeno wa mashine ukining'inia kiunoni. Verna alikaa chini akizishika kamba, akiyashusha matawi taratibu yasivunje maua ya watu, kisha akiyaburuta hadi kwenye mashine ya kuyasaga. Clarrie alielekeza. Alisimama barabarani, kofia kaisukuma nyuma ya kichwa, kidole kakielekeza angani, na wapita njia walimsalimu yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na nafasi ya kuitikia.

Hayo ya kazini Verna hakuyajali. Lililomkaa moyoni lilikuwa jambo la maonyesho.

Kila mwaka, majira ya joto yanapokaribia kuisha, hufanyika maonyesho ya kilimo pale Marlow Ford. Huwapo kondoo, huwapo keki, huwapo maboga makubwa kuliko haja ya mtu yeyote. Lakini watu hujazana kwenye uwanja wa magogo. Wakataji hutoka na suruali nyeupe na fulana nyeupe zisizo na mikono, kama watu wanaokwenda kubatizwa, wamebeba mashoka kwenye masanduku yaliyotandikwa blanketi. Yako mashindano ya shoka, ya wanaume na ya wanawake, na yako ya msumeno. Na katika ya msumeno liko pambano moja linalopendwa mno na wazee, liitwalo Bwana na Bibi: mwanamume ncha hii, mwanamke ncha ile, gogo katikati.

Clarrie na Verna walikuwa wamekata Bwana na Bibi tangu binti yao mkubwa alipong'oka meno ya utoto. Hawakuwahi kushinda hata mara moja.

Sasa ujue na hesabu yetu. Huku wakataji hawaanzi pamoja. Mwanzishaji husimama akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kila jozi ina namba yake. Ikitajwa, ndipo uanze. Walio dhaifu hupewa namba za mbele, walio hodari huachwa wasubiri, mishipa ikiwasimama shingoni, ili mwisho wa yote wakaribiane. Anayezigawa namba huitwa mgawa hesabu. Kwetu alikuwa Keith Oldaker, mzee mkavu kama gome, ambaye hakumwamini mtu hata kwa chumvi. Alikuwa na sababu. Kila mwanamume katika chama chetu cha wakataji alificha nguvu kidogo kwenye mashindano madogo ili apewe namba nzuri kwenye makubwa. Huyu mgongo, yule usingizi, mwingine mama mkwe amekuja kukaa. Wote walifanya hivyo na wote walilaani kufanya hivyo, na adhabu ya kukamatwa ilikuwa moja tu: unafutwa chamani, hukanyagi uwanja tena mpaka ufe.

Jozi ya Clarrie na Verna ilianza kwenye tatu. Wengine waliowahi kuanza kwenye tatu ni watoto wa shule, na mzee mmoja mwenye mguu wa bandia, ambaye baada ya mwaka mmoja aliomba kwa adabu asogezwe nyuma.

Na watu walimhurumia nani? Walimhurumia Clarrie. Enzi za ujana wake alikuwa mkata shoka hodari kweli, vikombe vyake vilijaa rafu nzima sebuleni, na sasa alikuwa makamu mwenyekiti wa chama. Mtu kama huyo akishindwa kila mwaka, tatizo litakuwa wapi kama si ncha ya pili? Walimpiga bega wakamwambia ana subira. Wanawake walimwambia Verna, wakimkabidhi kikombe cha chai, kwamba amepata mume asiyemwonea haya mke wake hadharani. Verna alishukuru kwa chai.

Ukweli ni huu. Msumeno wa watu wawili hausukumwi. Unavuta, kisha unaachia mwenzio avute, nawe mkono wako unakuwa mwepesi kama wa mtu anayemwaga nafaka. Clarrie alikuwa akiachia vizuri tu, lakini zamu yake ya kuvuta ikifika, hakuvuta. Aliulalia mpini kwa uzito wake wote, akakunja uso, akatoa mlio kooni. Watu wa miti huita huko kuupanda msumeno. Mwenzako anavuta zamu yake, anasukuma zamu yako, na kilo zako zote anazo juu ya meno. Na hakuwa mwongo, maskini. Mwongo hujua. Clarrie alitoka kwenye gogo ametota jasho, akakaa kwenye nyasi, akasema kwa upole, "Leo umechelewa kidogo kuvuta, mama. Si kitu." Kisha usiku akampaka Verna dawa ya misuli mabegani, taratibu, hadi ikamwingia, maana alikuwa mume mwema. Utamwambia nini mtu anayekupaka dawa?

Kwa hiyo Verna hakumwambia neno. Alikuwa na hamu moja tu, nayo ilimuuma zaidi ya mabega. Msumeno ukivutwa na watu wawili wanaovuta kweli, huimba. Hutoa sauti moja nyembamba isiyokatika, kama nyuki ndani ya mzinga. Verna aliisikia kila mwaka kutoka kwenye magogo ya wenzake. Mikononi mwake hakuwahi kuisikia.

Mwaka ninaousimulia, wiki moja kabla ya maonyesho, Clarrie alipanda juu ya stuli kufuta vumbi vikombe vyake, stuli ikayumba, bega likateguka. Daktari alimfunga mkono kifuani akamwambia asishike kitu kizito kuliko uma. Majirani walileta pai za nyama. Wote walisema la muhimu sasa Verna apumzike.

Jumatatu, juu ya mkaratusi uliokuwa unaegemea nyumba ya mchungaji, Tamsin alisema kutoka huko huko tawini kwamba yeye anaweza kushika ncha ya pili.

"Wewe si bwana," Verna akamjibu huku akilegeza kamba.

"Na yeye je?" Tamsin akasema. "Shusha hili, mama, zito."

Verna alicheka mpaka kamba ikamteleza nusu futi.

Jambo likapelekwa kwenye kamati. Kamati yetu hukutana ukumbini, nasi wanawake hukaa jikoni nyuma ya kidirisha cha kupitishia chai, kwa hiyo hakuna siri ya kamati tusiyoijua. Siku hiyo Verna alikuwa akipaka siagi skonsi, na kila aliposikia jina lake aliipaka siagi zaidi. Je, mwanamke aweza kusimama mahali pa bwana? Mmoja alihofia mila. Mwingine alihofia kwamba, wakikubali, mwakani wanaume wawili watataka kusimama mahali pa bibi, nao uwanja hauna choo cha kutosha. Hakuna aliyeuliza choo kimeingiaje. Mwenyekiti, Lindsay Purton, mtu mnene mpole aliyependa kila kikao kiishe kwa makofi, alisema hawa wanawake hawawezi kumdhuru yeyote, na ni kumfariji Clarrie katika ugonjwa wake. Keith Oldaker akauliza wapewe namba gani. Clarrie mwenyewe akasema waachiwe ile ile ya tatu, kisha kwa unyenyekevu akaongeza kwamba labda hata wapewe mbili, maana sasa hawamo mikononi mwake. Wakaafikiana tatu. Wakapiga makofi.

Siku ya maonyesho palikuwa na jua na upepo wa baharini. Clarrie, mkono kifuani, ndiye aliyeunoa msumeno usiku wa kuamkia siku hiyo kwa mkono mmoja, jino baada ya jino. Kwenye kunoa tumpe haki yake, hana mpinzani wilayani. Akawaletea mwenyewe hadi kwenye gogo, akaufungua blanketi lake, akamwambia Tamsin asiogope, amfuate tu Verna polepole, na Verna akichoka asimlaumu.

"Sitamlaumu, bosi," Tamsin akasema.

Magogo sita yalikuwa yamefungwa kwenye vitanda vyake. Wakainama. Mwanzishaji akaanza kuhesabu. Alipotaja tatu, Verna alivuta kama alivyozoea, kwa kifua na kiuno na mapaja, kama mtu anayevuta ng'ombe aliyezama topeni. Alikuwa amejiandaa kwa ule uzito. Uzito haukuja. Msumeno ukaenda kwa wepesi upande wa Tamsin, kisha ukarudi, ukaenda, ukarudi, na vumbi jeupe likaanza kumwagika pande zote mbili kama unga unaomiminwa. Mara ya tano au ya sita sauti ikaanza. Kwanza Verna alidhani ni ya gogo la jirani. Halafu akakumbuka kwamba jirani bado wanasubiri namba zao. Ilikuwa yake. Ilimpanda viganjani ikaingia hadi kwenye magego, na aliogopa kuvuta pumzi asije akaikata.

Kipande kikaanguka chini. Mwanzishaji alikuwa bado anahesabu. Jozi ya mabingwa, walioachwa nyuma kwenye kumi na nane, walikuwa wameinama na mipini yao mikononi, hawajagusa gogo, wakitazama kwa pembeni kama watu waliokuta mlango wa nyumba yao uko wazi.

Alisikika mbuzi mmoja tu kwenye banda la mifugo. Kisha watu wakapiga makofi, wakamwendea Clarrie, wakampongeza kwa alivyounoa msumeno.

Lakini Keith Oldaker hakupiga makofi. Alikuwa ameitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Akaenda kwa Lindsay, na kabla Verna hajafuta jasho, aliitwa kwenye banda la mabati nyuma ya uwanja. Malalamiko yalikuwa yamewasilishwa. Jozi iliyopewa tatu haikati vile. Kumefichwa nguvu.

Ilikuwa ajabu kuwaona waliokasirika. Yule aliyekuwa na maumivu ya mgongo kila Januari na kupona kila Februari alisema hajawahi kuona hila kama hii. Yule wa mama mkwe alisema michezo inakufa. Mwizi humjua mwizi kwa nyayo, na hawa walizijua nyayo vizuri mno hata wakaziona mahali ambapo hapakupita mtu.

Kamati iliketi juu ya masanduku ya mashoka. Clarrie naye alikuwamo, kwani alikuwa makamu, na kila mmoja aliona aibu kumwomba atoke. Verna na Tamsin waliachwa wasimame, vumbi la mbao likiwa bado nyusini. Lindsay alianza kwa kusema kwamba hapana shaka jambo hili lina maelezo mazuri, na wote wayatafute pamoja.

Wakayatafuta. Mmoja akasema gogo huenda lilikuwa laini. Likaletwa, likagongwa kwa nyuma ya shoka, likalia kama kengele, gumu kuliko mengine yote. Mwingine akasema ni mafuta mapya ya kupaka msumeno. Ikaonekana ni yale yale, tena chupa ile ile. Msumeno? Ule ule wa miaka yote, na aliyeunoa ni yule yule. Basi ni msichana huyu, akasema mwenyekiti kwa furaha, ujana ni ujana. Lakini Keith aliyakumbuka yote: mwezi uliopita Tamsin alikata peke yake kwa msumeno wa mtu mmoja, akawa wa nne kati ya watano. Si haba, lakini si radi.

"Wa tano alikuwa na mafua," Tamsin akasema. "Niandikieni na hilo."

Walikuwa wameligeuza gogo, mafuta, msumeno na msichana. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu ambacho mwaka huu hakikuwapo na miaka mingine yote kilikuwapo, nacho kilikuwa kimekaa palepale juu ya sanduku, mkono kifuani. Watu wazima saba wakatazama paa, wakatazama viatu, mmoja akalitazama kwa makini tundu la msumari. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini siku hiyo wote waliivutia upande mmoja: upande ambao Clarrie hayupo.

Tamsin akafungua kinywa. Verna akamkanyaga mguu, kwa upole lakini kwa buti zima. Aibu ya mumewe, kama itasemwa, si ya kusemwa na mtu aliyeajiriwa.

Alifikiri haraka, jinsi anavyofikiri tawi linapokatika upande usiotarajiwa. Akinyamaza, atafutwa. Atakwenda kaburini akiitwa mwanamke aliyeficha nguvu miaka yote ile, na ile sauti aliyoisikia leo ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Akisema, Clarrie atatoka kwenye banda hili akiwa mtu mwingine. Hatakuwa tena mtu wa subira mbele za watu, atakuwa mzigo. Na yeye Verna ndiye atakayekula naye chakula cha jioni. Akaamua kunyamaza. Mzigo ameuzoea, alijiambia. Mtu aliyebeba kwa miaka hashindwi na hatua chache zilizobaki.

Pengine angenyamaza kweli, lau Clarrie asingesimama kumtetea.

Alisimama taratibu kwa ajili ya bega, akakohoa. Akasema amekaa na mama huyu miaka mingi, hajamwona akiiba hata kijiko. Akasema yeye, kama makamu, hawezi kupindisha sheria kwa ajili ya nyumba yake. Lakini kama mume anaomba wampunguzie adhabu.

"Huenda alificha bila mwenyewe kujua," akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Wanawake wengine wako hivyo, wanakosa kujiamini. Mimi kwenye msumeno nimejitahidi kumvuta miaka yote hii. Nimevuta mpaka nimechoka. Sikumlaumu hata siku moja. Nimemsamehe, nanyi msameheni."

Wanakamati wakaguswa. Lindsay akatoa leso. Ikapendekezwa pale pale kwamba badala ya kufutwa kabisa, Verna azuiwe miaka mitatu, na baada ya hapo aruhusiwe kurudi kwa sharti moja, kwamba akate na Clarrie tu, ambaye ameonyesha kwamba anaweza kumdhibiti. Mtu akaunga mkono. Viganja vilikuwa vimekwisha inuliwa kwa ajili ya makofi.

Ni Keith Oldaker aliyeinua mkono kuwazuia. Si kwa huruma, hakuwa nayo. Lilikuwa jambo la kazi yake tu: katika maisha yake alikuwa amekamata waficha nguvu wengi, na kila mmoja alikuwa na alichokitaka. Huyu alitaka kikombe, yule alitaka kushinda dau baani. Lakini mtu aliyeficha miaka yote ile, asishinde hata siku moja, na siku moja tu akaachia, huyo alimshinda kumwelewa. Hawezi kuifunga kesi asiyoielewa.

"Verna," akasema, "nitakuuliza mara moja, nawe unijibu kama mkataji. Ulikuwa unataka nini?"

Swali hilo Verna alikuwa hajawahi kuulizwa, si uwanjani, si jikoni, si kwenye lori, si na waliomwozesha. Alilisikia likipita banda zima hadi likamfikia. Alimtazama Clarrie, shavu lake lililonyolewa vibaya kwa mkono wa kushoto, kola ambayo yeye mwenyewe alimfungia asubuhi. Clarrie akamtikisia kichwa kumpa moyo, jinsi alivyozoea kufanya wakiinamia gogo, kabla ya namba yao kutajwa.

"Nilitaka kukata na mtu anayevuta," Verna akasema.